Mistari ya kutongozana muvi za zamani: Double Indemnity, To Have and Have Not au Notorious?

Muvi Kitambo: Wakuu, kati ya hizi tatu ipi kali? Mi naipa Double Indemnity ya 1944. Jamaa wa bima kaja nyumba ya watu kufuatilia bima ya gari, anamkuta mke wa mtu juu ya ngazi kajifunga taulo, baadae anashuka kavaa, ana kikuku mguuni, jamaa macho yote kwenye kikuku. Sasa mazungumzo: mama anamwambia jimbo hili mwisho spidi ni maili 45 kwa saa, jamaa anauliza kwani afande nilikuwa nakimbiza ngapi, anajibiwa kama 90 hivi. Wanaenda hivyohivyo, trafiki na dereva, mapenzi hayajatajwa na kila mtu kaelewa.

Binti Forodhani: Kikuku tena 😂 kwetu mtaa mzima ungeshajua. Mi To Have and Have Not, mwaka huohuo. Lauren Bacall ana miaka 19, muvi yake ya kwanza, kichwa kilikuwa kinamtetemeka kwa uoga mbele ya kamera, ikabidi awe anainamisha kidevu ndo kitulie, so anamwangalia Bogart, staa mwenzake kwenye muvi, kwa chinichini na macho hayohayo ndo yakamtoa. Anamfundisha kupiga mluzi akimhitaji, anafunga mlango, mzee anabaki anapiga mluzi peke yake. Hiyo yako maneno yamechongwa mno, unamsikia mwandishi.

Dodo: Hao si walioana kweli 1945? Na Bogart alikuwa na mke wakati wanashuti. Sasa hapo tunapima uigizaji au umbea?

Mkaguzi: Mnasahau kwa nini walikuwa wanazunguka mbuyu. Kuanzia 1934 Hollywood ilibanwa na Hays Code, yaani kanuni za maadili ya muvi, skripti zinakaguliwa. Kwenye Notorious, 1946, busu refu haliruhusiwi, inasemwa kikomo sekunde 3, dairekta Hitchcock akawaambia mastaa wake Cary Grant na Ingrid Bergman wabusu kidogo, waachie, waongelee kuku wa kula usiku, wabusu tena, jamaa apige simu huku kang'ang'aniwa, zaidi ya dakika 2. Stori ya kuku ila huwezi kuangalia na wakwe.

Muvi Kitambo: Mkaguzi hilo busu bana, mi nimeuliza mistari. Zima sauti, Notorious bado inaeleweka. Zima sauti kwangu, unaona muuza bima na mteja tu.

Binti Forodhani: Haya zima na kwa Bacall basi, halafu uje useme umeona nini.