Kipimo cha tangi kinagota asilimia 85 baada ya kufunga aisoleta

mwana_miwa
Wakuu, habari za kazi. Nipo kiwanda cha sukari, Morogoro. Tangi la juisi lina transmita ya kina (kifaa kinachopima kina na kukituma kama mkondo wa umeme) ya nyaya mbili, miliampia 4 (asilimia 0) hadi 20 (asilimia 100), saplai volti 24. Kebo ni ya milimita 1 ya mraba, urefu mita 300 hivi. Mkondo unapita rekoda ya paneli kwa resista ya omu 250, kisha kadi ya PLC (kompyuta ya kuongoza mitambo) yenye omu 250 nyingine. Rekoda na PLC zote zimeungwa ardhini upande wa hasi, ndiyo maana zikikaa pamoja PLC ilikuwa inasoma uongo. Tumeweka aisoleta (kifaa kinachopitisha ishara bila kuunganisha umeme wa pande mbili) inayojiendesha kwa mkondo wa luupu, yaani mzunguko huo huo wa transmita, PLC ikawa nyuma yake. Sasa zote mbili zinasoma sawa, ila tangi likivuka asilimia 85 kipimo hakipandi tena, na juisi inamwagika. Tumebadilisha transmita, hali ni ile ile. Tatizo ni aisoleta?

NyayaMbili
Mkuu, aisoleta yako ni nzima, volti ndizo zimeisha. Hizo 24 ndizo mshahara wote wa luupu, na kila kifaa kinakata chake. Soma karatasi ya aisoleta: nyingi za aina hiyo zinakula volti 3 hivi. Halafu kuna jambo linalowaponyoka mafundi wengi: aisoleta hii haina umeme wake, kwa hiyo omu 250 za PLC zilizo nyuma yake zinahesabika upande wa mbele kama vile zimefungwa moja kwa moja.

Piga hesabu. Rekoda 250, PLC 250, kebo kwenda na kurudi kama 11, jumla omu 511. Kama transmita inadai angalau volti 12, toa hizo na 3 za aisoleta, zinabaki 9. Gawa kwa 511: miliampia 17.6. Na 17.6 ni asilimia 85 kamili ya kipimo chako. Transmita inataka kupanda, haina pa kupandia.

Hakikisha kabla ya kugusa kitu. Iamrishe transmita itoe miliampia 20 kwa kikomunikata cha HART (kifaa cha mkononi cha kuwasiliana na transmita), multimita ikiwa kwenye vituo vya waya vya transmita. Ukiona volti 12 au chini yake, umemaliza ubishi.

ZuwenaVipimo
Si aweke tu saplai ya volti 36? Transmita nyingi zinahimili.

NyayaMbili
Dada Zuwena, transmita itahimili, mimi naihofia kadi ya PLC. Nyaya zikigusana kule tangini, transmita haipo tena kuzuia mkondo, na kwa volti 36 utapita miliampia 60. Na huenda vipo vifaa vingine kwenye saplai hiyo hiyo. Afadhali apunguze mzigo: rekoda aiwekee resista ya omu 100, kisha aiweke isome volti 0.4 hadi 2. Resista iwe ya usahihi wa asilimia 0.1, zile za kawaida za dukani zitampotosha. Kama rekoda haikubali masafa hayo, anunue aisoleta yenye saplai yake. Hiyo hailemei luupu kwa mzigo wa PLC.

mwana_miwa
Nimepima: volti 12.0 kwenye transmita, mkondo umegota 17.6. Nimeweka omu 100, sasa 20 inafika na transmita ina 13.8. Asanteni sana. Shildi ya kebo (ganda la chuma la kuzuia kelele za umeme) je? Imefungwa ardhini tangini na kwenye paneli.

NyayaMbili
Ifungue tangini, ikate na uizibe kwa tepu, ibaki ya paneli tu. Na ukiwa kule angalia kama kebo imelala trei moja na nyaya za VFD (kidhibiti cha kasi ya mota) ya pampu. Kama ndivyo, ihamishe. Kelele ya VFD aisoleta haiimalizi peke yake.