Tulishinda kesi ya kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), hukumu imefutwa kwa kosa la baraza lenyewe. Tunaanza upya!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Kihamba chetu kiko mlimani huku Moshi. Baba alikuwa kitinda mimba, babu akamwachia, na makaburi yao wote wawili yamo humo humo kwenye migomba. Baba alipofariki, mtoto wa baba mkubwa akakata kipande cha chini akamuuzia mtu wa mjini. Asubuhi Mama anatoka kukata majani ya ng'ombe, anakuta masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, yameng'olewa, yametupwa kwenye mfereji, mizizi bado ina udongo mbichi. Kwetu isale ndiyo bikoni!

Tukaambiwa huwezi kudai ardhi ya marehemu bila msimamizi wa mirathi. Sawa, tukaenda Mahakama ya Mwanzo. Baraza la Kata nalo tangu 2021 haliamui tena, linasuluhisha tu, siku 30. Mnunuzi hakutokea hata siku moja. Ndipo tukafungua shauri baraza la ardhi la wilaya (silitaji lipi), litamke kwamba eneo ni la mirathi ya Baba, uuzaji ni batili, na mnunuzi asikanyage tena.

Miaka miwili. Leo mwenyekiti yuko semina, kesho mzee mmoja wa baraza (wale wanaokaa na mwenyekiti na kumpa maoni) haonekani. Mama ana miaka 76, anashuka na Hiace alfajiri, hati za mirathi kazifunga kwenye kitenge, anarudi na tarehe nyingine. Mwishowe baraza likaja shambani. Mzee jirani, aliyepanda masale yale pamoja na babu, akawaonyesha kwa fimbo yalipokuwa, shimo kwa shimo. Tukashinda.

Mnunuzi akakata rufaa Mahakama Kuu. Hoja zake hata hazikufikiwa. Jaji alikuta kwenye jalada hakuna popote palipoandikwa kwamba maoni ya wazee wa baraza yalisomwa mbele yetu kabla ya hukumu. Kanuni ya 19, Tangazo la Serikali Na. 174 la 2003, inataka kila mzee atoe maoni yake kwa maandishi. Mwenendo wote, yaani kila kilichosikilizwa na kuandikwa kule barazani, ukafutwa. Nendeni kwa mwenyekiti mwingine na wazee wengine, na kila upande ubebe gharama zake.

Jaji simlaumu. Mwenyekiti ndiye simsamehi. Mahakama ya Rufani imefuta mashauri kwa kosa hilihili mara nyingi, na hukumu hizo ni kazi yake kuzisoma. Kusoma karatasi mbili mbele ya wadaawa ni dakika kumi! Kosa lake, nauli zetu, wakili wetu. Mshahara wake unaingia kama kawaida.

Yule mzee wa fimbo tulimzika Februari. Mnunuzi ameshashusha tripu mbili za mawe.

Wanasheria humu, naomba msaada: maneno aliyoyasema marehemu kwa kiapo kwenye mwenendo uliofutwa, tunaweza kuyaingiza tena? Na zuio la muda tuliombe vipi haraka, kabla mawe yale hayajawa msingi?