Nimeacha kazi, nataka kuzunguka peke yangu kutoka Mtwara hadi Kigoma. Mama hataki, nishaurini

Karani wa Shangani
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Shangani, Mtwara. Nimeacha kazi ya ukarani kwenye kampuni moja ya mizigo. Sikufukuzwa. Niliandika barua, nikatumikia notisi, nikaaga. Tangu nasoma sekondari Masasi nilikuwa nikiona mabasi ya Tunduru yakipita, nikajiapiza ipo siku. Sasa akiba ninayo, mume sina, mtoto sina. Nataka nipite Songea, nishuke Mbamba Bay nilione Ziwa Nyasa, kisha Njombe, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda mpaka Kigoma. Mabasi ya kawaida, bila haraka.

Shida ni mama, yuko Newala na mikorosho yake. Nilipomgusia kwa simu alinyamaza, halafu akauliza: "Mwanangu, nani kakuudhi?" Kwake mwanamke haondoki peke yake ila kuna jambo. Kumtoroka siwezi, na safari siiachi. Nifanyeje?

Mzee wa Salfa
Marahaba binti. Umeitaja mikorosho ukapita haraka, na jibu liko hapo hapo. Miezi hii ya kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ukimwacha mama peke yake utamuwaza kila stendi. Nenda Newala, usimalizie jambo hili kwenye simu. Puliza naye raundi ya kwanza, mtafutie kijana wa kuendelea, mlipe kutoka kwenye hiyo akiba. Kisha mpe mwezi wa kurudi: Oktoba, korosho zikidondoka, uwe shambani.

Mama Mikindani
Mzee, kwa heshima zote, binti katoka kwenye ajira moja unamtwisha nyingine. Kijana alipwe, sawa. Lakini asiombe ruhusa kana kwamba ana miaka 15. Akamwombe mama dua, hiyo hakuna mzazi anayeinyima.

Mwanangu, mimi nimesafiri peke yangu miaka mingi kwa biashara ya vitenge. Mji usioujua ingia jua lingali juu. Basi likiwa la kufika usiku, liache, panda la alfajiri kesho yake. Gesti chagua yenye mhudumu mwanamke, na kabla hujalipa jaribu komeo la mlango kwa mkono wako, lisukume kabisa. Beba doti mbili za kanga, moja ya kutandika juu ya shuka lao. Na mama apate meseji kila ukishuka, hata kama ni neno "nimefika" tu.

Afisa Utumishi
Fao la kukosa ajira la NSSF usilihesabu kwenye bajeti, maana aliyeacha kazi kwa hiari yake halipati. Ila dai malipo ya likizo uliyokuwa hujaichukua, na cheti cha utumishi. Sheria ya ajira ya 2004 inakupa vyote. Vifuate sasa ukiwa bado Mtwara, kufuatilia ukiwa Mpanda ni mateso.

Dereva wa Tunduru
Njia ni lami, Masasi, Tunduru, Songea, hata kuteremka kutoka Mbinga hadi ziwani. Ule mteremko kaa dirishani! Na uende kiangazi hiki hiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar pale Somanga, watu wakakwama. Huku kwetu mvua haina adabu.

Kitu kimoja nakukataza kama dada yangu. Ukifika Masasi utaambiwa Daraja la Umoja si mbali, vuka ukaone Msumbiji. Usivuke. Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo hiyo, halijatulia kwa mashambulizi tangu 2017.

Karani wa Shangani
Asanteni sana, nimesoma kila neno. Mama Mikindani, hilo la dua limenigusa. Jumamosi naenda Newala, na Oktoba nitamtajia mwenyewe kabla hajauliza. Kesho nafuata cheti.

Mzee wa Salfa, kijana wa kupuliza siku hizi mnakubaliana naye kwa mti au kwa siku? Na mafuta ya bomba la kupulizia ananunua nani?