Kikundi: Ukoo wa Nyanya Kadzo (Mikindani)

JUMAPILI

Baba Mdogo Chengo: Bwana asifiwe wanakamati wa kanisa. Kotesheni ya mwisho ndiyo hii. Skrini ya LED mita 3 kwa 2, sh. 870,000. Spika 4 na miksa ya sauti, 410,000. Nyaya, vyuma na ufundi, 95,000. Jumla 1,375,000. Naomba maoni kabla ya kikao cha Jumanne.

Baba Mdogo Chengo: Samahani, hiyo ilikuwa ya kikundi cha kamati. Nimeshaifuta.

Kazungu Doha: Baba Mdogo, umejifutia wewe peke yako 😂 Sisi twaiona.

Shangazi Mbeyu: Laki nane na sabini ya televisheni?

Baba Mdogo Chengo: Si televisheni, dada. Na tafadhali yasitoke humu.

Shangazi Mbeyu: Yasitoke vipi na sadaka ni yangu? Choo cha kina mama hakina mlango tangu Pasaka. Mmoja akiingia mwingine ashika leso nje. Nyie mwapanga skrini.

Dama: Shangazi 🙈

Baba Mdogo Chengo: Haya, kwa kuwa yameshamwagika wacha niseme. Sadaka ya Jumapili yetu ikifika 40,000 ni siku njema. Hapo toa mgao wa makao makuu, mshahara wa mchungaji na wa mlinzi, tokeni za stima, maji ya bauza. Kinachobaki hakinunui hata maiki. Kwa hivyo pesa hii haitoki kwenye sadaka, ni ya harambee. Na mkitaka kujua wazo lilitoka wapi, sitawadanganya. Tulialikwa harusi kwenye kanisa moja kubwa upande wa Nyali. Taa, skrini, sauti yaingia mpaka kifuani. Kurudi, garini hakuna aliyesema neno hadi tulipovuka daraja. Kisha mwenyekiti akasema, "Nasi twahitaji ile." Ndivyo ilivyoanza.

Kazungu Doha: Yaani bajeti nzima imetoka kwenye pilau ya watu.

Dama: Mimi niko upande wa Baba Mdogo, nusu. Vijana wanaohama wanahamia huko huko Nyali. Na kinanda changu, sol ya katikati imekufa tangu Januari. Nairuka kila wimbo, nanyi mwadhani ni upako.

Kazungu Doha: 😂😂😂

Shangazi Mbeyu: Kijana anayefuata taa, taa zikizimika atakufuata wapi?

Dama: Shangazi, hawafuati taa. Kule maneno yanasikika na wimbo unaanza saa uliyoambiwa utaanza. Hapa kwetu twatumia nusu saa kusema "one two, one two".

Baba Mdogo Chengo: Someni Yohana 12. Yule mama alimpaka Bwana marhamu ya dinari 300. Aliyelalamika kwamba yangeuzwa wakapewa maskini alikuwa nani? Yuda!

Shangazi Mbeyu: Na mfuko wa pesa ulishikwa na nani? Yuda huyo huyo. Mweka hazina.

Kazungu Doha: Baba Mdogo, hapo umejiingiza mwenyewe 😂

Baba Mdogo Chengo: Mbeyu, vitabu vyangu viko wazi. Njoo uvikague.

Shangazi Mbeyu: Nitakuja. Na miwani.

Kazungu Doha: Mie niko tayari kuchangia spika. Skrini hapana. Na hiyo harambee, mgeni rasmi ni nani?

Baba Mdogo Chengo: Kuna mheshimiwa ameonyesha nia.

Dama: Ahaa. Baba Mdogo, vijana watatoka nje siku hiyo, nakwambia mapema. Tangu maandamano ya 2024 hawataki kuona mwanasiasa ameshika maiki kanisani. Hata Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi, Novemba mwaka huo huo, lilikataa mchango wa Rais. Wao na ukubwa wao walirudisha, sisi tupokee?

Baba Mdogo Chengo: Wao wana mashamba na shule, mama. Sisi tuna mnada wa kuku.

Shemeji Omari: Assalaam aleikum wakwe. Nimesoma yote, nimenyamaza kwa adabu. Neno moja tu: hizo spika 4, je, kesha la Ijumaa zitakuwapo? Nauliza kama jirani 😅 Ile sheria ya kelele ya 2009, usiku huanza saa mbili.

Kazungu Doha: Shemeji nawe adhana ya alfajiri huihesabu?

Shemeji Omari: Adhana ni dakika chache, kesha ni mpaka jogoo 😂 Tuyaache hayo.

Neema (simu ya Nyanya): Nyanya asema nimsomee yote tangu mwanzo. Ngojeni.

Neema (simu ya Nyanya): Nyanya asema niandike vile vile anavyosema. "Chengo mwanangu. Skrini siioni, jicho lina mtoto, nangoja kupasuliwa. Nyimbo za kitabuni nazijua kwa moyo tangu Rabai, hazihitaji nizisome. Lakini mahubiri siyasikii. Nasikia wuu wuu, kama mtu anenaye ndani ya pipa. Naitikia amina kwa kuwatazama wenzangu."

Baba Mdogo Chengo: Mama! Tangu lini?

Neema (simu ya Nyanya): "Tangu mlipoezeka mabati mapya na kupanua. Lile kanisa la zamani nilisikia."

Baba Mdogo Chengo: Na mbona hukusema?

Neema (simu ya Nyanya): "Nani aliniuliza?"

Neema (simu ya Nyanya): Asema tena: "Nilisikia vizuri mara moja tu, wakati wa korona. Serikali ilipofungua makanisa 2020 ikasema watu mia, saa moja, na mwenye zaidi ya miaka 58 akae nyumbani. Nikakaa na simu ya Neema. Mchungaji nilimsikia hadi anavyomeza mate. Nikarudi kanisani, nikarudi kwenye pipa."

Kazungu Doha: Eh.

Shangazi Mbeyu: Mama, mimi nakaa nawe benchi moja. Nilidhani ni mimi tu nisiyesikia.

Shemeji Omari: Mwaniruhusu? Msikiti wetu una mabati vile vile, na spika mbili kuukuu. Imamu asikika mpaka mlangoni. Nadhani ni lile zulia. Ukuta kwa ukuta, zito. Kabla hatujalitandika, hotuba ilikuwa mwangwi mtupu.

JUMATATU

Dama: Habari za mchana. Nimempeleka kanisani fundi wa mitambo wa hapa Magongo, yule wa maharusi. Hakugusa spika kwanza. Alisimama katikati, akapiga kofi moja, akatuambia nyamazeni. Kofi likapanda kwenye bati, likagonga ukuta wa nyuma, likarudi, likaenda tena. Nilihisi haya, kana kwamba ni mimi nilijenga.

Dama: Alivyonieleza ni hivi. Sauti ya mchungaji hukufikia mara ya kwanza moja kwa moja. Kisha ile ile hukujia tena kutoka kwenye bati, tena kutoka ukutani, tena kutoka sakafuni, kila moja imechelewa kidogo. Neno la pili lakuta la kwanza halijaondoka. Simu wakati ule ilichukua sauti kutoka kwenye miksa kabla haijaingia hewani, ndiyo maana Nyanya alisikia. Sasa ukileta spika 4 kubwa, asema, waongeza watu kwenye ugomvi.

Kazungu Doha: Basi tubandike trei za mayai. Nimeona watu wakifanya.

Dama: Nilimuuliza, akacheka. Asema kwa maneno hazisaidii kitu, na ni chakula cha moto. Anataka spika tulizonazo zishushwe kutoka kwenye boriti. Hivi sasa zinahubiria popo. Zielekezwe kwa watu, sauti ipunguzwe, na spika moja ndogo iwekwe katikati kwa ajili ya benchi za nyuma. Baadaye dari, na mapazia mazito ukuta wa nyuma. Mazito, si leso. Pia kasugua jeki zote za nyaya, zimeliwa na chumvi ya bahari. Ule mlio wa krrr umekwisha. Kachukua 1,500. Nimelipa mimi, Baba Mdogo risiti ninayo.

Baba Mdogo Chengo: Ahsante mwanangu. Lakini mwaniweka pabaya.

Shangazi Mbeyu: Pabaya vipi? Si mmeokoa milioni?

Baba Mdogo Chengo: Hamjawahi kukaa kwenye hizi kamati. Mtu hachangii dari, Mbeyu. Skrini yazinduliwa. Mgeni rasmi akata utepe, apigwa picha, jina lake lasomwa, naye atoa laki mbili mbele ya watu. Dari utaizindua vipi? Uwaambie watu watazame juu? Kila nilichowahi kufanikiwa kuchangisha katika miaka yangu 9 ya uhazina kilikuwa kitu cha kuonekana. Lango, mnara wa kengele, viti vya mimbari. Mfereji wa maji machafu niliutangaza mara 4, nikapata 6,300.

Kazungu Doha: Aisee.

Baba Mdogo Chengo: Na skrini nayo ikishanunuliwa yala. Tokeni, mafuta ya jenereta stima ikipotea, kijana wa kuiendesha. Hayo hayako kwenye kotesheni. Nayajua. Niliyanyamazia kwa sababu mwenyekiti alikuwa amefurahi.

Shangazi Mbeyu: Leo umesema kweli, kakangu.

Neema (simu ya Nyanya): Nyanya asema mmisionari Krapf alifungua misheni ya Rabai 1846 bila spika.

Kazungu Doha: Na bila watu, Nyanya 😂 Waumini walihesabika kwa vidole miaka mingi.

Neema (simu ya Nyanya): Asema "lakini hao wachache walisikia."

JUMANNE

Dama: Baba Mdogo? Kikao?

Dama: Saa nne usiku hii. Yuko mtandaoni hajibu.

Baba Mdogo Chengo: Ndiyo nafika nyumbani. Nilisoma maneno ya Mama kama Neema alivyoandika. Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema na yeye hasikii, kisha mwingine. Mwenyekiti amekasirika, asema nimeleta mambo ya familia kanisani. Kura 7 kwa 5: spika zishushwe Jumamosi, tujaribu, ndipo tuzungumze dari. Skrini haijafutwa. Imesogezwa mwakani, na iwe ndogo. Mheshimiwa nitamwandikia barua, sijui niseme nini.

Kazungu Doha: Mwambie aje atazame juu.

Dama: Na kinanda?

Baba Mdogo Chengo: Irukeruke kwanza hiyo sol.

Shangazi Mbeyu: Mlango?

Baba Mdogo Chengo: Haukuwa kwenye ajenda.

Shangazi Mbeyu: Chengo!

Baba Mdogo Chengo: Kweli, nilisahau. Jumamosi nani ana ngazi? Yetu haifiki kwenye boriti.

Shemeji Omari: Ya msikitini ni ndefu, futi 20. Nitawauliza wazee.

Neema (simu ya Nyanya): Nyanya auliza hiyo Jumamosi akae wapi mkijaribu.

Dama: Pale pale pake, benchi la mwisho. Asiitikie amina mpaka asikie.

Shangazi Mbeyu: Omari, ukiwauliza ngazi, waulize na mlango.