Mrejesho: IP ya kudumu kwenye laptopu ya kazi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hivi: ofisi inaruhusu anwani moja tu ya IP (namba ya kukitambulisha kifaa mtandaoni) kuingia kwenye seva yake, nami nafanyia kazi nyumbani. Umeme ukikatika, ruta ikiwaka upya napata anwani nyingine, nafungiwa nje.

Kwanza niliiwekea laptopu 192.168.1.50 kwa mkono. Kesho yake ruta ikaipa televisheni ya sebuleni 50 hiyohiyo. Vikagombana, mtandao unakuja na kukata. Nikafuta, nikaingia kwenye ruta yenyewe na kuitengea laptopu namba hiyo kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Ugomvi ukaisha.

Ofisini bado nagonga mwamba! Mkuu aliyesema "192.168 ni ya ndani ya nyumba tu, nje haionekani" alikuwa sahihi, nami nilimbishia bure. Samahani sana. Nilipochungulia upande wa WAN wa ruta, yaani ule unaotazama kampuni ya intaneti, nikakuta anwani inaanza na 100.72. Kumbe nagawana anwani moja ya nje na wateja wengine, 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa kazi hiyo.

Nikakodi seva ndogo yenye IP yake ya kudumu, nikaweka WireGuard (programu ya VPN, njia iliyofichwa kati ya laptopu na seva hiyo), laptopu ikawa inapitia huko. Fundi wa ofisi akaisajili anwani hiyo. Jana umeme umekatika mara mbili, sijafungiwa.

Kero ilikuwa mikutano ya video kukwama, maana seva niliyokodi iko Ufaransa. Kwenye AllowedIPs, orodha ya WireGuard ya anwani zinazopitia seva hiyo, nimebakiza anwani ya ofisi pekee. Mengine yanatoka moja kwa moja.