Mtoto wa mzazi asiyechanga debe: ale, au atazame wenzake wakila?

Mjumbe wa Chamwino

Mbukwenyi, ndugu zangu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu kikao cha wazazi, nalileta hapa tulichambue hata kama mtanisema.

Shuleni kwetu (sitaitaja) kila mzazi anatakiwa kutoa, kwa kila mtoto, debe moja la mahindi kwa mwaka, kilo mbili za maharage na shilingi 3,000 za mpishi na kuni. Wapo waliotoa, wapo waliotoa nusu, wapo ambao hata kikaoni hawaonekani. Kikao kikapitisha kwamba asiyechanga, mtoto wake hapakuliwi. Mikono ilinyooshwa mingi, na wangu ulikuwemo.

Jumatano ikawa zamu yangu kusimamia jikoni. Kengele ilipogongwa, walioandikwa kwenye daftari wakapanga foleni na vibakuli vyao. Wengine kama thelathini hawakusubiri kufukuzwa, walishajua njia yao: nyuma ya darasa la nne, chini ya mbuyu. Kulikuwa na mmoja wa darasa la pili, kikombe chake cha plastiki mpini umekatika, kakificha ndani ya sweta. Yaani katoka nyumbani akijua hapati, lakini kikombe kakibeba. Alhamisi hakuja. Ijumaa hakuja. Kuuliza, naambiwa yuko shambani anaamia ndege kwenye uwele.

Nimegeuka. Deni ni la baba yake, njaa kapewa yeye. Sasa niambieni, tukiwapakulia wote, nani atachanga mwakani?

Mkulima Kibaigwa

Mbukwa, mjumbe. Umejiuliza swali na jibu unalo. Hakuna atakayechanga.

Kwetu tulifanya hivyo hivyo kwa huruma. Mwaka wa kwanza stoo ilijaa. Wa pili ikafika nusu. Wa tatu tulipika uji wiki sita tukafunga jiko, na hapo hata watoto wa waliochanga wakakosa. Unajua nani alianza kuacha? Si mjane. Ni bwana mmoja mwenye ng'ombe arobaini, gunia lake analipandisha kwenye lori hapa sokoni mchana kweupe. Alipoulizwa akasema, "Si wote wanakula?" Hao ndio mnaowabeba kwa jina la maskini.

Mama Wawili, Mpwapwa

Mkulima, huyo wa ng'ombe arobaini simtetei. Nijisemee mimi, maana mtoto wangu amewahi kukaa chini ya huo mbuyu, ingawa kwetu ulikuwa mwembe.

Michango yenu mnaidai shule zikifunguliwa, Januari. Huku kwetu mvua ni moja, tunapanda Desemba, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo kihenge kinasikika kikigongwa, kitupu. Debe la Februari mimi nalinunua kwa kibarua cha kupalilia shamba la mtu, na huyo mtoto mnayemtaka darasani ndiye anayeniachia nafasi kwa kulea mdogo wake. Mwezi wa saba ningewapa hilo debe nikicheka. Mwezi wa saba hakuna anayeniuliza.

Halafu mahindi. Mahindi! Nchi hii mvua ikikatika wiki tatu mahindi yanakuwa kuni. Nilichonacho mimi ni uwele na mtama. Nilipeleka mtama, nikarudishwa nao getini mbele ya watoto, eti jiko linapika makande tu.

Kijana wa Jiji

Kwani hii si kazi ya serikali? Treni ya umeme inafika Dodoma, majengo ya wizara yanang'aa, mnagombania uji. Elimu si bila malipo?

Mwalimu Mstaafu

Kijana, ungesoma nyaraka usingeshangaa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2002, na Waraka Na. 5 wa 2015, wa elimu bila malipo, ukaja kutekelezwa Januari 2016 hadi kidato cha nne. Kinachokuja kutoka hazina ni ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Inayofika shuleni ni 6,000, yaani shilingi 500 kwa mwezi, ya chaki, mitihani na ukarabati. Chakula hakimo. Chakula cha mtoto wa kutwa kimeachwa kwa mzazi.

Nimepitia jikoni kwa namna zote. Miaka ya WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walikuwa wanaleta chakula mikoa hii ya kati kwa sababu ya ukame. Foleni ya asubuhi ilijaa, ila mradi ulipoondoka shuleni kwangu jiko likawa banda la mbuzi. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni. Nia ilikuwa kumwokoa mzazi, na wapo waliookolewa kweli, maana walimu wakuu wengine walikuwa wameifanya michango mradi. Kwetu sufuria lilipoa muhula mzima.

Sasa nipige hesabu, maana naona watu wanalitaja debe kama mlima. Siku za masomo ni 194. Ukimpikia mtoto gramu 100 za mahindi kwa siku, ni kilo 19 na ushee. Ndilo hilo debe moja. Si kubwa kwa mtu mwenye mavuno, na ni kubwa mno kwa asiye nayo. Hapo mama wa Mpwapwa kapiga penyewe.

Mkulima wa Kibaigwa anaamini adhabu inafundisha. Mzee mwenzangu, Chamwino hii hii ilikuwa moja ya wilaya tatu za majaribio ya ruzuku yenye masharti ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, pamoja na Bagamoyo na Kibaha. Malipo ya kwanza yalitoka Januari 2010. Sharti lilikuwepo, tena kali: mtoto ahudhurie asilimia 80 ya siku. Lakini mama alishikishwa kitu kwanza, ndipo akadaiwa mahudhurio. Watafiti walivilinganisha vijiji 40 vilivyopata na 40 ambavyo havikupata, na moja ya tofauti walizoziona ni kwamba watoto wa kaya zilizopata walikuwa na viatu zaidi. Viatu! Hakuna aliyewaagiza kununua viatu. Sisi tunamnyima mtoto kwanza, kisha tunashangaa yuko shambani.

Mgambo Mstaafu

Maneno mengi. Sheria ya Elimu ya 1978 inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule. Mtendaji atoe wito, asiyekuja alale ndani siku moja. Mtaona debe linavyotokea.

Mama Wawili, Mpwapwa

Baba, walishakuja kwetu. Walinikuta natwanga. Wakaondoka na mtetea wangu aliyekuwa anaatamia, mayai tisa yakaharibika. Debe halikutokea. Kilichotokea ni kwamba mwanangu, kila akisikia pikipiki, alikimbilia korongoni, na kwa kuwa mwalimu wake naye ana pikipiki, ikabidi nimsindikize hadi darasani wiki mbili.

Mjumbe wa Chamwino

Nimesoma yote. La kuku limenichoma kuliko hesabu.

Kikao kingine ni Jumamosi. Nitasimama niseme hivi. Mchango ukusanywe Juni na Julai, wakati wa mavuno, wa mwaka unaofuata. Mtama na uwele vipokelewe, na siku mbili kwa wiki upikwe uji badala ya makande, jiko halitakataa. Asiye na nafaka kabisa alete kuni au achote maji zamu kadhaa, na aandikwe kuwa amechanga, siyo amesamehewa. Kuna mama yetu mmoja hachangi, lakini ndiye anayefagia jiko kila siku, na kwenye daftari jina lake lina alama nyekundu. Na foleni iwe moja.

Mkulima Kibaigwa

Ya mtama nakubali, nasi tulikuwa wajinga hapo. Ya Julai umesahau dumuzi. Mahindi ya Julai ukiyatupa stoo hivi hivi, Januari unapika vumbi, wale wadudu tunaowaita Scania hawana likizo. Panya usiseme. Mnunue ile mifuko isiyopitisha hewa, hizo 3,000 zianzie hapo. Na binadamu je? Nusu ya magunia yetu hayakuliwa na dumuzi, mjumbe. Yalitoka usiku kwa mlango.

Kwa hiyo mkitaka debe langu kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu, stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu, mwingine kwa mzazi atakayechaguliwa, tena asiwe ndugu yake. Kila Ijumaa yabandikwe ukutani madebe yaliyoingia na yaliyopikwa. Hapo natoa, hata mawili. Bila hivyo foleni yenu moja siitaki.

Mwalimu Mstaafu

Kufuli mbili naziunga mkono. Ningezitaka hata nilipokuwa mkuu wa shule, zingenipunguzia maneno.

Kijana wa Jiji

Mimi sina mtoto huko, ila naweza kununua mifuko kumi. Niambieni inauzwaje.

Mama Wawili, Mpwapwa

Ubarikiwe, mwanangu. Na yule wa ng'ombe arobaini?

Mkulima Kibaigwa

Huyo niachieni mimi. Ni shemeji yangu.