Taa ya jirani yaniharibia anga ya kusini: nifanyeje?

Kilimia wa Dodoma
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Hutazama nyota kutoka uani kwangu, pembezoni mwa Dodoma, kwa darubini ya kioo ya inchi 6. Jirani yangu wa upande wa kusini, baada ya kuibiwa, alifunga taa kubwa nyeupe juu ya ukuta wake, na sasa uani kwangu naona hata kivuli changu. Mwishoni mwa Mei, yapata saa tatu na nusu usiku, kundi la nyota la Omega Centauri hufika kilele chake upande huohuo, lakini mwaka huu nimeambulia doa la ukungu tu. Nitaupunguzaje mwanga huo bila kumnyima jirani ulinzi wake?

Mkesha Nyota
Ndugu Kilimia, mng'ao wa mji uliotanda angani hauzuiliki kwa pazia. Taa inayokupiga machoni huzuilika, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi, kwa sababu jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kuitazama taa hiyo kwa sekunde chache huipoteza kazi yote hiyo. Simika mirunda miwili karibu na kiti chako, kwani pazia likiwa karibu halihitaji kuwa refu. Keti, kisha mwombe mtu ainue fimbo mahali hapo mpaka ncha yake iifunike taa: hicho ndicho kimo cha pazia. Kwa Dodoma kundi lile hupanda hadi karibu nyuzi 49, kwa hiyo halitafichwa. Nakusihi usitumie turubai, maana upepo wa kiangazi utaling'oa; neti nyeusi ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ikikunjwa mara tatu huzuia mwanga na bado hupitisha upepo.

Fundi Vioo
Usiisahau darubini yenyewe. Mwanga wa pembeni huingia mdomoni mwa bomba, hugonga ukuta wa ndani na kuishia kwenye lenzi ya kutazamia, hivyo anga huonekana ya kijivu. Refusha mdomo kwa kadibodi nyeusi, kisha ndani, upande unaoelekeana na lenzi hiyo, bandika mahameli nyeusi, kwa kuwa rangi ya kawaida hung'aa ikipigwa na mwanga wa mshazari. Jifunike pia kitambaa cheusi kichwani.

Mama Salibu
Mwanangu, nenda kazungumze na jirani yako. Usimwombe azime taa, mwombe aiinamishe imulike lango lake, kwani taa inayopiga machoni humficha mwizi aliyesimama nyuma ya mng'ao wake. Kabla ya kumwomba, mwalike aone mashimo ya mwezi.

Kilimia wa Dodoma
Nawashukuru sana, na wewe mama hasa. Jirani alikuja juzi na wanawe, na amekubali. Fundi umeme atakuja Jumamosi. Neti nimeifunga leo kwa kimo cha mita 2, na kiti kiko gizani. Ukuta wangu wa kaskazini, ambao ni mweupe, bado unarudisha mwanga, kwa hiyo nimeutundikia blanketi zito hadi nitakapoupaka rangi.